Protini, Jeni na Tiba: Je, Kiswahili Kisalie Nje ya Maabara?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Mwaka wa 1990 giza la aina hiyo lilitanda jijini Nairobi, ingawa wengi waliliona kuwa mapambazuko. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini Kenya (KEMRI), ambayo makao yake makuu yako kando ya Barabara ya Mbagathi, ilitangaza kwamba imepata dawa ya kuwasaidia wagonjwa wa Ukimwi. Dawa hiyo ilipewa jina Kemron. Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, aliizindua hadharani na habari zake zikaenea kama moto katika nyika kavu. Katika zama ambazo kupatikana na virusi vya Ukimwi kulikuwa sawa na kusomewa hukumu ya kifo, ni nani angeweza kuwalaumu waliokimbilia tumaini hilo? Wagonjwa walifunga safari kuja Nairobi, wengine kutoka ng'ambo. Nchini Marekani, Nation of Islam iliipigia debe kama tiba iliyovumbuliwa na Waafrika na kupuuzwa na Wazungu.

Kilichokuwa ndani ya Kemron kilijulikana na wachache. Haikuwa mitishamba wala kemikali ngeni. Ilikuwa intaferoni alfa, protini ambayo mwili wa binadamu wenyewe huitengeneza unapovamiwa na virusi. Jina la dawa lilijaa vinywani mwa watu, lakini maana yake ilibaki katika majarida ya Kiingereza. Makala haya yanashikilia kwamba chanzo kimoja cha masaibu ya Kemron, ambacho hakijatiliwa maanani ipasavyo, ni lugha. Aidha, yanashikilia kwamba kosa lilo hilo linaweza kurudiwa leo katika wodi za saratani iwapo wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili wataendelea kutazama kwa mbali.

Protini ya binadamu ndani ya bakteria

Ili hoja hii ieleweke, ni muhimu kwanza kufafanua protini zenyewe na jinsi zinavyotengenezwa. Mwili wa binadamu umeundwa kwa seli. Karibu kila seli ina kiini, na ndani ya kiini mna DNA iliyobeba jeni. Jeni ni maagizo, nayo protini ni kazi inayofanywa kwa kufuata maagizo hayo. Kuna protini zinazojenga misuli, zinazobeba oksijeni katika damu, na zinazopeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Intaferoni ni miongoni mwa wajumbe hao. Iligunduliwa mjini London mwaka wa 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, ambao walibaini kwamba seli iliyovamiwa na virusi hutoa kitu cha kuzitahadharisha seli jirani. Ni mbiu ya mgambo ya mwili, na ikilia huwa kuna jambo.

Tatizo la wajumbe hawa ni uchache wao, kwani mwili huwatoa kwa kiasi kidogo mno. Katika miaka ya 1970, mtafiti Kari Cantell wa Helsinki alilazimika kuichuja intaferoni kutoka katika seli nyeupe za damu iliyotolewa na wahisani. Damu nyingi ilizaa protini kidogo, na protini hiyo kidogo haikutosha kufanyia majaribio ya maana. Hali hii ilibadilishwa na ugunduzi uliotangulia kufanywa Marekani. Mwaka wa 1973 Stanley Cohen na Herbert Boyer walionyesha kwamba jeni inaweza kukatwa kwa vimeng'enya, ikaunganishwa na pete ndogo ya DNA, kisha ikatiwa ndani ya bakteria. Bakteria haiulizi jeni hiyo ni ya nani. Huisoma kana kwamba ni yake na kuitengeneza protini inayoagizwa, na inapozaana katika mitungi mikubwa, protini huvunwa kwa wingi. Insulini ya binadamu iliyotengenezwa kwa njia hii iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1982. Jeni ya intaferoni alfa ilinakiliwa na kundi la Charles Weissmann mjini Zürich mwaka wa 1980, na kufikia mwaka wa 1986 intaferoni iliyotokana na bakteria ilikuwa imeidhinishwa Marekani kutibu aina moja adimu ya saratani ya damu.

Mkulima wa Kabete anayepandikiza miche ya parachichi hatapata shida kulielewa jambo hili. Yeye huchukua shina la kienyeji lenye mizizi imara, akalikata, akaliunganisha na kikonyo cha aina bora. Mizizi hubaki ya kienyeji, ila matunda huwa ya kile kikonyo. Ni kweli kwamba mkulima huunganisha matawi ilhali mwanasayansi huunganisha jeni, na tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo, ulinganisho huu unatosha kumfikisha msikilizaji mlangoni. Ndiyo maana makala haya yanapendekeza kwamba bidhaa hii iitwe protini ya jeni pandikizi.

Ikumbukwe pia kwamba protini hizi si dawa tu. Katika maabara za utafiti, huongezwa katika majimaji yanayozilisha seli. Seli shina, yaani zile ambazo bado hazijaamua kuwa damu, mfupa au neva, haziwezi kudumu katika hali hiyo nje ya mwili bila protini za kuzipa ujumbe. Ukiubadilisha ujumbe, seli nayo hubadilika. Watafiti wa saratani huzitumia vivyo hivyo ili kuchunguza ni ujumbe upi unaoifanya seli iasi na kuanza kugawanyika bila kikomo.

Wala utafiti wa aina hii si mgeni Nairobi. Katika viunga vya magharibi mwa jiji, kule Kabete, wanasayansi wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, wamefanya kazi kwa miaka mingi na protini ya jeni pandikizi iitwayo p67, wakitafuta chanjo ya ndigana kali ya ng'ombe. Kimelea cha ndigana kali huingia katika seli nyeupe ya ng'ombe na kuifanya igawanyike kama seli ya saratani, na kikiuawa kwa dawa, seli hiyo huacha uasi wake. Mwananchi apitaye Barabara ya Waiyaki kila siku akielekea Uthiru anapita karibu na elimu hii, lakini ni nadra kuisikia ikisimuliwa kwa lugha anayoitumia ndani ya matatu.

Funzo la Kemron

Utafiti uliochapishwa na Davy Koech, Arthur Obel na wenzao mwaka wa 1990 uliwahusu wagonjwa wapatao 40. Walipewa intaferoni ya asili, iliyotokana na seli za binadamu zenyewe wala si bakteria, kwa kiwango kidogo sana na kwa njia ya mdomo. Ilidaiwa kwamba wengi walipata nafuu ya haraka. Hata hivyo, hapakuwa na kundi la kulinganishia, yaani wagonjwa wa hali sawa ambao hawakupewa dawa hiyo. Bila kundi hilo, ni vigumu kujua kama nafuu ililetwa na dawa, lishe, uangalizi mwema au tumaini lenyewe.

Watafiti wengine walijaribu kuyapata matokeo hayo, wakashindwa. Jaribio kubwa lilifanywa mjini Kampala na Elly Katabira na wenzake. Wagonjwa zaidi ya 500 waligawanywa katika makundi mawili, moja likapewa intaferoni na jingine likapewa kitu kisicho na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepewa nini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1998 yalionyesha kwamba intaferoni hiyo haikuwafaa wagonjwa hao. Hivyo ndivyo tumaini la Kemron lilivyozimika.

Ajabu ni kwamba protini yenyewe haikuwa na hatia. Intaferoni alfa ilipodungwa kwa sindano, kwa vipimo vikubwa zaidi, iliwafaa baadhi ya wagonjwa wenye saratani ya Kaposi inayoambatana na Ukimwi, na iliidhinishwa Marekani kwa matumizi hayo mwaka wa 1988. Protini ni ile ile. Tofauti ilikuwa katika ugonjwa, kipimo, njia ya kuitumia na ushahidi.

Je, lugha inaingia wapi hapa? Mtu anaweza kudai kwamba Kiswahili hakikuwa na maneno ya kuyaeleza mambo haya. Dai hilo halina mashiko. Kiswahili kina kukinga, kutuliza, kutibu na kuponya, na mzungumzaji yeyote anajua kwamba vitenzi hivyo havifanani. Kila mama anajua kuwa tembe ya maumivu hutuliza homa ya mtoto lakini haiponyi malaria. Kiswahili kina ahueni, nafuu na kupona, na hakuna aliyelelewa katika lugha hii anayeweza kuyachanganya. Neno dawa, kwa upande mwingine, ni pana mno. Linabeba kila kitu kuanzia kinachopunguza maumivu hadi kinachomfufua mtu aliyekata tamaa. Anayetangaza kwamba dawa imepatikana, kisha akanyamaza, amemwachia msikilizaji ajaze mwenyewe maana aitakayo, na mgonjwa atajaza kuponya.

Tangazo lingeweza kusema hivi: hii ni protini ya mwili, imejaribiwa kwa watu wapatao 40, baadhi yao wamesema wamepata nafuu, hawajalinganishwa na wengine, haijathibitishwa kwamba inaponya. Sentensi hizo hazina hata istilahi moja ngumu, na utingo wa matatu ya Kangemi angezielewa. Ni kweli kwamba siasa, fahari ya taifa na pupa vilichangia, na lugha peke yake isingevizuia. Lakini umma uliopewa vitenzi sahihi ungekuwa na silaha ya kuuliza swali, na swali moja lililoulizwa kwa wakati lingeweza kuwaokoa watu wengi na gharama, safari na majonzi.

Uchungu wa mifupa na bei ya sindano

Huenda msomaji akasema kwamba Kemron ni historia na yaliyopita si ndwele. Basi na aelekeze macho Upper Hill, ilipo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa hospitali ya pekee ya umma nchini iliyokuwa na mashine za tibamionzi. Wagonjwa wa saratani hufika huko kutoka kila pembe ya nchi. Hospitali za binafsi za Parklands nazo huwapokea wenye uwezo. Katika matibabu yao, protini za jeni pandikizi si ndoto tena. Zipo, na zina majina.

Mojawapo ni filgrastimu, protini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1991. Tibakemikali, ambayo wagonjwa wengi huiita kemo, huua seli za saratani lakini pia huziangamiza seli nyeupe za damu zinazolinda mwili. Filgrastimu huuamuru uboho ulio ndani ya mifupa uzitengeneze seli hizo upya, tena kwa haraka. Pia huzitoa seli shina kutoka katika uboho hadi kwenye damu ili ziweze kukusanywa na kupandikizwa. Uboho unapofanya kazi kwa kasi hiyo, mgonjwa anaweza kuhisi maumivu ya mifupa: kiunoni, mgongoni, mapajani.

Hebu msomaji amfikirie mama mmoja wa kubuni kutoka Kangemi. Anatibiwa saratani ya titi. Amesikia majirani wakisema kwamba saratani ikifika kwenye mifupa mambo yamekwisha. Anadungwa sindano ambayo hakuelezwa maana yake ila kwamba ni ya kuongeza damu. Usiku wa pili mifupa inamuuma. Atahitimisha nini? Atadhani kwamba ugonjwa umefika mifupani. Pengine ataikataa sindano inayofuata. Pengine atauza kipande cha shamba ili atafute mganga. Angeambiwa sentensi moja tu, kwamba sindano hii inaufanyisha uboho kazi nyingi na huenda mifupa ikauma kwa siku chache, angelala kwa amani. Angeambiwa nyingine, kwamba homa baada ya kemo si jambo la kusubiri hadi kesho bali ni la kumkimbiza hospitalini saa hiyo hiyo, huenda angeokoa uhai wake. Kati ya kuishi na kufa, mara nyingine kuna sentensi moja tu iliyosemwa kwa lugha inayoeleweka.

Protini ya pili ni trastuzumabu, ijulikanayo zaidi kwa jina la kibiashara Herceptin, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1998. Hii ni kingamwili iliyoundwa kwa ustadi wa jeni, sehemu yake kubwa ikiwa ya binadamu na sehemu ndogo ikitokana na panya, nayo hutengenezwa na seli za mnyama badala ya bakteria. Hujibandika kwenye protini iitwayo HER2 ambayo hujaa kupita kiasi kwenye uso wa baadhi ya seli za saratani ya titi. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa saratani ya titi ndiye mwenye aina hiyo. Wengine wanne hawafaidiki nayo, hata wangeuza kila walicho nacho. Kwa hivyo, kipimo cha HER2 ndicho kinachoamua, na mgonjwa ana haki ya kujua kwa nini mwenzake wa kitanda cha pili amepewa sindano hiyo na yeye akanyimwa. Asipoelezwa, atadhani ni ubaguzi, umaskini wake au kabila lake.

Mwaka wa 2025 Wizara ya Afya na kampuni ya Roche zilitangaza makubaliano ya kuishusha gharama ya kipindi kimoja cha dawa hiyo kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, malipo hayo yakigharamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kwa kuwa matibabu kamili huchukua takriban mwaka mmoja, kwa kawaida vipindi 17 au 18, gharama ya zamani ilizidi shilingi milioni mbili. Unafuu huo ni wa kupongezwa. Hata hivyo, haki isiyojulikana haidaiwi. Mama asiyejua jina la kipimo hataomba kipimwe, na asiyejua kuwa dawa hii inaweza kuuathiri moyo hatasema kwamba anapumua kwa taabu apandapo ngazi.

Fauka ya hayo, jambo hili ni la kisheria. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Nayo Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu wa afya ampe mgonjwa maelezo, panapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kisomo. Sahihi iliyotiwa chini ya karatasi ya Kiingereza na mtu asiyekisoma Kiingereza ni wino tu. Haiwezi kuitwa ridhaa.

Istilahi: wingi si utajiri

Kiswahili hakijakaa bure katika uwanja huu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, mwaka ule ule wa Kemron, na Kamusi ya Tiba mwaka wa 2003. Msingi umewekwa. Tatizo ni kwamba nyumba iliyojengwa juu yake ina milango mingi isiyoelekea chumba kimoja. Kile ambacho kamusi inakiita seli, gazeti hukiita chembe hai, redio hukiita chembechembe, na mwalimu fulani hukiita kiini, ilhali kiini ni sehemu iliyo ndani ya seli. Jeni nayo huitwa chembe za urithi. Mgonjwa akisikia chembechembe za damu, chembe hai na chembe za urithi katika mazungumzo mamoja, atadhani ni kitu kimoja kilichogawanywa mara tatu.

Hata jina la ugonjwa wenyewe lina mafunzo. Wengine husema saratani na wengine kansa. La kwanza limetoka katika Kiarabu na la pili katika Kiingereza, lakini yote mawili asili yake ni mnyama mmoja, kaa, na mafumbo yao yanakutana baharini. Wazee nao walikuwa na donda ndugu, jina la kidonda kinachoenea na kula mwili. Lugha yenye utajiri kama huu haihitaji kuhurumiwa. Inahitaji nidhamu.

Makala haya yanapendekeza kwamba seli ibaki seli, kiini kibaki kiini, na jeni ibaki jeni. Kwamba seli shina ikubaliwe, kwa kuwa shina ndilo linalotoa matawi. Na kwamba protini ya jeni pandikizi ijaribiwe. Kuna atakayekumbusha kwamba pandikizi la mtu ni mtu mkubwa wa kimo, na kwamba kwa wakulima wa pwani na Tanzania miche ya aina hiyo husemwa kuwa ni ya kubebesha. Hoja hizo ni nzuri na zijadiliwe. Lakini mwamuzi wa mwisho asiwe kamati. Awe mgonjwa: aelezwe, kisha aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Istilahi ambayo mgonjwa hawezi kuirejesha imeshindwa mtihani, hata kama ina mantiki ya kupigiwa mfano.

Hoja za wapinzani

Wapo wanaosema kwamba sayansi ni ya Kiingereza, majarida yake ni ya Kiingereza, na kuitafsiri ni kupoteza muda. Hoja hii inachanganya mambo mawili. Hakuna anayemtaka mtafiti wa Chiromo aache kuchapisha kwa Kiingereza. Kinachotakiwa ni kwamba akishachapisha, awe na lugha ya kumweleza mlipa kodi alichokifanya. Wajapani na Wajerumani huandika makala ya kimataifa kwa Kiingereza na bado huwazungumzia wagonjwa wao kwa lugha zao.

Wengine husema, na hoja yao ina uzito zaidi, kwamba Kiswahili nacho si lugha ya mama ya wagonjwa wengi. Ajuza wa Kikuyu anayeishi Kinoo au mzee wa Kiluo aliyeletwa Nairobi kutoka Siaya huenda wakakielewa Kiswahili cha kamusi vibaya kama wanavyokielewa Kiingereza. Ni kweli. Lakini muuguzi atakayemfasiria mzee huyo ataanzia wapi? Akianzia Kiingereza, atalazimika kuvuka mto mpana peke yake. Akianzia maelezo mazuri ya Kiswahili, ataikuta mifano iliyokwisha kupikwa: shina, pandikizi, mbiu ya mgambo. Kiswahili kinaweza kuwa daraja la kuzifikia lugha hizo bila kuzibandua mahali pake.

Kundi la tatu, ambalo limo humu humu vyamani, hudai kwamba kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni fasihi na isimu, na kwamba protini hazimhusu. Hao na wajiulize: ni nani aliyefunzwa kutofautisha kutibu na kuponya, kama si wao? Mwanasayansi anaijua protini, ila hakufundishwa uzito wa vitenzi.

Kuvuka barabara

Kutoka Bewa Kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Bewa la Chiromo si safari. Ni mwendo wa miguu wa dakika chache kupitia Museum Hill. Upande mmoja kuna wanaosomea Kiswahili, na upande wa pili kuna wanaosomea biokemia na biolojia. Wanapishana katika mizunguko hiyo miaka minne mizima, wanahitimu siku moja, lakini aghalabu hawajawahi kuandika ukurasa mmoja kwa pamoja.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza na hatua ndogo zisizohitaji wafadhili. Kwanza, kila mwaka viunde jopo la wanafunzi wa Kiswahili na wa sayansi liandike karatasi ya ukurasa mmoja kuhusu tiba moja: inafanya nini, haifanyi nini, imethibitishwa vipi, ina madhara gani, na mgonjwa aulize nini. Pili, karatasi hiyo isomwe na daktari kwa ajili ya ukweli wake, kisha isomewe watu wasio na elimu ya sayansi kwa ajili ya uwazi wake. Tatu, fomu za ridhaa za utafiti zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zirejeshwe kwa Kiingereza na mtu mwingine ambaye hajaiona nakala ya kwanza, ili kasoro zijitokeze kabla hazijamfikia mgonjwa. Nne, majarida ya vyama hivi yatenge kurasa za sayansi katika kila toleo, zipewe hadhi sawa na mashairi na hadithi fupi.

Hatua hizo haziwezi kuponya saratani. Hakuna aliyedai hivyo, na baada ya Kemron, heri kila mtu awe mwangalifu na kitenzi hicho. Zinaweza, hata hivyo, kumfanya mama wa Kangemi aijue maana ya uchungu wa mifupa yake na aulize jina la kipimo chake. Zinaweza pia kumpa uwezo wa kumtazama yeyote atakayesimama mbele yake na kutangaza dawa mpya, kisha amuulize kwa Kiswahili fasaha: inatuliza, inatibu, au inaponya? Na umejuaje? Siku ambayo swali hilo litaulizwa katika foleni ya kliniki bila woga, wanafunzi wa Kiswahili watakuwa wametimiza sehemu yao. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ufa huu umekuwa wazi tangu mwaka wa 1990.